Mchi wa Taifa na Ndoo ya Maji Safi

Nchi yetu haina haja ya kutajwa jina. Inajijua, na wanaoishi ndani yake wanaijua zaidi. Ninachoweza kusema ni kwamba ina bendera, ina wimbo, ina mto uitwao Nyekera, na kando ya mto huo ina kiwanda cha nguo kinachotusitiri sisi na watu wa ng'ambo. Mimi naitwa Sungwa. Nilikuwa Mtunza Mchi wa Taifa, Daraja la Tatu, na haya ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu, kabla serikali haijayapunguzia macho ya raia majukumu.

Nianze na ujinga wetu wa zamani. Kiwanda kilipotia nguo rangi, masalia yalimwagwa mtoni kwa bomba nene lililo chini ya daraja. Sisi wa Bondeni, upande unakoteremkia mto, tulichota maji kwenye visima tulivyochimba mchangani. Mchanga una tabia moja mbaya: huchuja rangi, lakini kile kinachokuja pamoja na rangi hukiacha kipite. Maji ya kisimani yalikuwa meupe siku zote, hata siku mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo akina mama walikuwa na utaratibu wao, na mkuu wa utaratibu huo alikuwa Bi Mashavu, mwenye nyumba niliyopanga chumba. Kila asubuhi alipanda kilima hadi darajani, akautazama mto una rangi gani, kisha akafunga kitambaa cha rangi hiyo hiyo kwenye ukingo wa daraja, mahali panapoonekana toka kila ua wa Bondeni. Kitambaa chekundu: oga, usinywe. Cha buluu: fua tu. Cheusi: usiguse, wala mbuzi wako asiguse. Kukiwa hakuna kitambaa, basi kiwanda kimepumzika, na Bondeni nzima ilitoka na madumu. Vitambaa vilikuwa vipande vya khanga zake kuukuu. Kwa miaka kumi na tisa alipanda kile kilima, na hakuna aliyemwagiza.

*

Kisha wanunuzi wa ng'ambo wakasema hawatanunua nguo tena mpaka wajue imetengenezwa wapi, kwa maji gani, na nani aliumia. Lilikuwa swali la ghafla, na serikali yetu haipendi maswali ya ghafla. Lakini Wizara ya Viwanda na Mambo Yanayoonekana ilikesha juu yake wiki tatu, ikatoka na jibu: Jicho la Taifa.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Kipanda, alikuja kulizindua. Alisimama darajani na mwavuli ulioshikwa na katibu wake, ingawa hapakuwa na mvua wala jua.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Miaka yote mto huu umekuwa ukisema kwa rangi, lugha ya kienyeji isiyo na kanuni. Kuanzia leo mto utasema kwa tarakimu! Kuanzia leo kiwanda hiki kiko uchi mbele ya dunia!"

Tukapiga makofi. Bwana Jangala, mkurugenzi wa kiwanda, alifunga kifungo cha koti lake.

Waziri akatuonyesha kifaa. Kilikuwa cha chuma, kirefu kama mkono, kinene upande mmoja, na watu wa Bondeni papo hapo wakakiita mchi. Mchi huo ukikaa ndani ya maji, kila robo saa hupima kilichomo na kupeleka majibu kwenye skrini kubwa iliyofungwa darajani. Kijani ni salama, nyekundu ni hatari. Tena kila nguo itokayo kiwandani itashonewa alama ya miraba midogo. Mnunuzi akiipiga picha kwa simu, anauona mto wenyewe ulivyo siku hiyo, na watu wanaoishi kando yake.

Mtu wa kuwakilisha watu hao alitafutwa, akapatikana Tunu, binti wa pekee wa Bi Mashavu. Alikuwa na ujauzito wa miezi minne, mimba aliyoingoja miaka sita, na mumewe, dereva wa lori la masafa marefu, alikuwa akipiga simu kutoka kila mpaka kuuliza tumbo limekua kiasi gani. Walimpiga picha siku ya Jumapili, siku isiyo na kitambaa, ameinama kisimani, kata mdomoni, anacheka. Chini yake wakaandika: "Mimi na mwanangu tunakunywa mto huu." Bi Mashavu aliposomewa maneno hayo alikunja uso.

"Jumapili," akasema. "Waongeze neno Jumapili."

Walimwambia nafasi imejaa.

*

Sasa nieleze jinsi nilivyopata cheo. Asubuhi ya kuutia mchi mtoni, wataalamu walikuwa wameshavua viatu, wamekunja suruali, Bwana Jangala akaja mbio na kitabu cha maelekezo kilichokuja na kifaa. Alisoma kwa sauti, ukurasa wa nne: "Kifaa hiki kitunzwe mahali safi."

Waziri aliwatazama wataalamu kwa huzuni. "Yaani mlitaka kutumbukiza mali ya umma kwenye uchafu?"

Wataalamu wakavaa viatu. Kikaitishwa kikao, kikaunda kamati, na kamati ikatafuta mahali safi. Palipatikana chumba ndani ya kiwanda, kilicho na kiyoyozi, na ndani yake ikawekwa ndoo nyeupe yenye mfuniko. Ndoo ikajazwa maji ya chupa ya dukani, mchi ukatiwa humo. Skrini ya darajani ikawaka kijani kibichi: MTO NYEKERA, USAFI ASILIMIA 99. Watu walipiga vigelegele. Mimi nikaajiriwa kubadilisha yale maji kila siku saa mbili asubuhi, yasije yakachacha na kuuchafulia mto jina.

Nilipewa shati jeupe lenye nembo ya taifa kifuani, pamoja na karatasi ya masharti: nembo haifunikwi, haikunjwi, na popote ilipowekwa haishushwi ila kwa kibali cha maandishi cha Waziri. Kisha nikala Kiapo cha Siri za Uwazi, mkono wangu ukiwa juu ya kile kitabu cha maelekezo. Niliapa kutomwambia mtu yeyote jinsi tunavyomwambia kila mtu kila kitu.

Nilikuwa mtu mzima, nimekaa bila kazi miaka miwili. Shati lilinikaa vizuri, na sitadanganya, nililipenda. Mara moja nilibadilisha chapa ya maji ya chupa, mto ukapanda hadi asilimia 99 na nusu, na Wizara ikakiandikia kiwanda barua ya pongezi.

*

Tatizo lilikuwa Bi Mashavu. Aliendelea kupanda kilima kila asubuhi. Skrini ikisema kijani, pembeni yake kitambaa kinasema cheusi. Siku moja mgeni wa ng'ambo alisimama darajani akauliza kipi kati ya hivi viwili ni cha serikali, na kesho yake likatoka tangazo: "Ni marufuku kufunga, kuning'iniza au kuanika darajani kitambaa chochote chenye maoni."

Lakini nchi yetu ni ya haki. Bi Mashavu aliambiwa anaweza kuusajili utaratibu wake kama mfumo wa taarifa. Nilimsindikiza ofisini. Karani alikuwa na fomu ya kurasa kumi na moja.

"Mfumo wako unatumia umeme wa volti ngapi, mama?"

"Unatumia miguu, mwanangu."

"Data unazihifadhi wapi? Seva iko wapi?"

Nikamnong'oneza kwamba anauliza zinakaa wapi taarifa za mto.

"Ziko uani," akasema, "kwenye kamba ya nguo. Mvua ikinyesha naziingiza ndani."

Karani aliandika: *Hauna ulinzi wa data.* Ombi likakataliwa, na vitambaa vikachukuliwa kuwa vielelezo. Walivikunja vizuri sana, nikakumbuka nguo za marehemu zinavyokunjwa kabla ya kugawiwa.

Wiki hiyo hiyo, siku ya Jumatano, Bi Mashavu alipanda tena. Hakuwa na kitambaa, akafunga mtandio aliouvaa. Walimkamata akiwa kichwa wazi, mwanamke wa umri wake, wakamweka ndani siku tatu kwa kosa la kutoa taarifa za mto bila idhini ya mto.

*

Alhamisi nilipita darajani saa moja na nusu asubuhi nikienda kazini. Mto ulikuwa mweusi tititi. Kiwanda kilikuwa na oda kubwa ya majoho ya mahakimu. Nilisimama, nikautazama, kisha nikaenda kubadilisha maji ya ndoo. Mto ukawa asilimia 99.

Saa nne nilirudi nyumbani kuchukua mwiko wa kuopolea mchi. Kwenye njia ya kisimani nikakutana na Tunu na ndoo yake. Mimba ilikuwa imefika mwezi wa saba, na alitembea kiganja kimoja kikiwa kiunoni.

"Kaka Sungwa, za kazini?"

"Nzuri tu. Umeamkaje?"

"Nimeamka na kiu, kaka. Maji ya ndani yameisha tangu jana. Mama ndiyo hivyo wamemshikilia, na mimi kile kilima na tumbo hili sikiwezi. Natazama darajani sioni kitambaa, lakini siku hizi hata kingekuwepo wangekishusha." Akacheka kidogo. "Wewe umepita kule asubuhi. Leo mto ukoje?"

Nilikumbuka kiapo. Nilikumbuka shati. Nilikumbuka miaka miwili ya kushinda barazani huku watu wakinisalimia kwa huruma. Yote hayo niliyakumbuka haraka sana. Ya kwake sikuyakumbuka.

"Kijani," nikasema.

"Kijani kweli?"

"Skrini inasema kijani."

"Sikuulizi skrini, kaka. Nakuuliza wewe."

"Kijani, Tunu."

"Ahsante," akasema, "umenipunguzia safari." Akaendelea kuteremka. Nilisimama pale nikamwangalia mgongo mpaka njia ikapinda, na ningeweza kumwita wakati wowote ule, kwa sababu sauti nilikuwa nayo.

*

Tumbo lilimshika usiku wa kuamkia Ijumaa. Jumamosi, saa ambayo mama yake anafunguliwa mlango wa mahabusu, mtoto alizaliwa hospitalini bila kulia. Alikuwa wa kike.

Bi Mashavu alikwenda huko moja kwa moja. Nilimkuta kando ya meza ya daktari, kijana mpole aliyekuwa akihangaika na kompyuta. Katika nchi yetu mgonjwa haruhusiwi kutoka mpaka kompyuta ikubali sababu ya kilichomleta.

"Mama, ninaandika maji, inakataa," daktari akasema. "Imeunganishwa na Jicho la Taifa. Inasema mto Alhamisi ulikuwa asilimia 99."

"Andika mto."

"Mto nao inaukataa. Inanipa mambo matatu tu: mbu, ajali, au uzembe wa mgonjwa."

 Daktari akafuta jasho, akabonyeza la tatu. Tukatoka na Tunu, na karatasi iliyosema ni mzembe. Alitembea katikati yetu akiwa amefunga tumbo kwa khanga, na hakuniuliza kitu chochote.

Jioni Bi Mashavu alikuwa jikoni akipuliza moto. Aliniita.

"Wewe Alhamisi ulipita darajani?"

"Nilipita, mama."

"Mto ulikuwa rangi gani?"

"Mweusi."

Akaendelea kupuliza. "Na Tunu alikuuliza," akasema baadaye, bila kunitazama.

"Aliniuliza."

Nilitegemea anifukuze. Ningefurahi angenifukuza, maana mtu aliyefukuzwa ana pa kuanzia. Yeye alinipakulia ugali kama siku zote, akauweka mbele yangu, akatoka nje. Nililia juu ya ile sahani, na niliona haya hata kulia.

Jumatatu saa mbili nilibadilisha maji ya ndoo. Ndiyo, nilikwenda. Sijui niwaeleze vipi.

*

Jicho la Taifa halisahau. Waliompiga picha Tunu walikuwa wameandika kwenye mfumo tarehe anayotarajia kujifungua. Tarehe ilipofika, mfumo wenyewe, bila kuagizwa na mtu, uliwapelekea wanunuzi wote wa ng'ambo ujumbe: "Furaha mtoni Nyekera! Mtoto amezaliwa salama."

Wanunuzi ni watu wenye moyo mzuri. Baada ya wiki chache likafika boksi kiwandani. Bwana Jangala aliniita ofisini, amejawa na furaha.

"Sungwa, wewe si unakaa kwao? Mpelekee yule binti. Na mpigapicha atakuja Jumapili, mwambie amvike mtoto hivi."

Ndani mlikuwa na soksi za sufu, ndogo kama vidole gumba viwili, na kofia ya manjano, na kadi iliyoandikwa kwa mkono. Nilimwambia Bwana Jangala mtoto hayupo. Alifungua kompyuta yake, akatazama, akaifunga.

"Yupo," akasema. "Ana wiki tatu."

Nilibeba boksi hadi darajani. Chini yangu bomba lilikuwa likimwaga weusi ule ule. Nilijaribu kupiga hatua ya kuteremka kwenda Bondeni na kofia ile ya manjano, mguu ukakataa. Nikaliweka boksi chini, nikarudi kiwandani, nikaingia chumba cha kiyoyozi, nikafunua ndoo. Nikauopoa mchi, nikautoa nje kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, waya ukiburuzika nyuma yangu, mpaka chini ya daraja penye bomba. Nikautumbukiza ndani ya Mto Nyekera.

Watu walisimama darajani, wakaigeukia skrini. Mimi pia niligeuka. Nilitaka nyekundu. Miezi yote ile sikuwahi kutaka kitu kama nilivyoitaka nyekundu ile.

Skrini ilizimika, ikawaka, ikatoa maandishi makubwa: HITILAFU. KIFAA HAKIMO NDANI YA MAJI.

Nikauzamisha zaidi, mpaka kiwiko, mpaka bega. HITILAFU. KIFAA HAKIMO NDANI YA MAJI. Mtu mmoja juu alicheka, halafu akaacha. Mashine ile ilikuwa imefundishwa maji ni nini, na kuapishwa haikuapishwa. Iliuonja mto wetu, ikasema hayo si maji.

*

Nilishtakiwa kwa kosa la kuutoa mchi ndani ya maji. Mahakimu watatu walikaa juu, majoho yao mapya meusi tititi bado yana mikunjo ya kiwandani. Shahidi wa serikali alikuwa skrini.

"Kumbukumbu zinaonyesha," akasoma hakimu mkuu, "kuanzia saa tano na dakika nane mpaka saa tano na dakika arobaini, kifaa hakikuwamo ndani ya maji. Mshtakiwa, kilikuwa wapi?"

"Kilikuwa ndani ya mto, mheshimiwa."

"Kwa hiyo unakubali hakikuwamo ndani ya maji."

"Nakubali."

Ilikuwa mara ya kwanza mimi na Wizara kukubaliana kwa moyo mmoja. Nikavuliwa cheo, nikanyang'anywa ufunguo wa chumba na mwiko wa kuopolea. Shati walilisahau, kwa kuwa nilikuwa nimelivaa.

Kesho yake asubuhi nilipanda kilima. Bi Mashavu alikuwa amekatazwa kukaribia daraja maisha yake yote, na vitambaa vyake vilikuwa bado kabatini kwa karani. Nilishuka penye bomba, nikavua shati, nikalichovya mtoni. Liliingia jeupe, likatoka jeusi, ila nembo ya taifa ilikuwa ya plastiki, haikushika rangi, ikabaki inang'aa kifuani. Nikalifunga kwa mikono yake miwili kwenye ukingo wa daraja, pale pale pa zamani.

Mlinzi alikuja mbio na rungu. "We! Shusha hicho kitambaa!"

"Kina nembo, afande," nikasema.

Alisogea, akaisoma nembo kwa kidole. Akalizunguka shati mara mbili. Aliijua karatasi ya masharti kama nilivyoijua mimi.

"Sasa hii mpaka kibali cha Waziri," akasema kwa unyonge.

"Cha maandishi."

Akaondoka kwenda kukiomba. Vibali vya nchi yetu mnajua vinavyochukua muda.

Nilibaki kifua wazi, baridi ya asubuhi ikinipiga, nikatazama Bondeni. Wanawake walikuwa wakitoka na ndoo. Mmoja wao alisimama kwenye kona ya njia ya kisimani, akainua uso kutazama darajani. Nilimjua kwa namna alivyoweka kiganja kiunoni, ingawa sasa hakuwa na cha kubeba. Alitazama muda mrefu. Sijui kama aliniona mimi au aliliona shati tu. Kisha Tunu akawageukia wenzake, akasema nao neno, na wote wakarudi nyumbani na ndoo tupu.